Uwanja wa Kifusi Chekundu

Buza, Temeke

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mvua. Watu wa hali ya hewa wametangaza masika mazito, nami nilikaa masijala ya hospitali miaka ishirini na sita. Najua kwamba jambo lisiloandikiwa tarehe, baada ya mwezi kila mtu hulisimulia anavyopenda. Nimeweka kopo la maziwa juu ya ukuta wa choo cha nje, mahali pasipofunikwa na kitu. Kila siku saa moja asubuhi nitalipima kwa rula. Leo halina kitu.

Mwaka huu siogopi. Novemba maji yaliingia ndani yakalowesha kila kitu, hata godoro la mjukuu wangu Najma, na mama yake, mwanangu Munira, akashinda naye juu ya meza. Niliapa kwamba hayaingii tena. Desemba nikamwita Leonardi, mwenye lori la kifusi, akamwaga lori tano za udongo mwekundu uwanjani. Ardhi yetu huku ni mchanga mweupe usioshikana; ule wake ukishindiliwa unakuwa mgumu kama sakafu. Aliuchimba kwenye kiwanja cha kiwanda kilichovunjwa, akasema mwenye kiwanja anataka uondoke haraka, ndiyo maana ameuza kwa bei nafuu. Lori nyingine mbili nikamwambia amwagie jirani yangu Auleria, ambaye tunachangia naye ukuta. Wazo lilikuwa langu. Munira alinishukuru, Auleria alinishukuru.

Jumanne, 5 Machi

Milimita 4.

Jumamosi, 9 Machi

Milimita 7. Nimefagia asubuhi na alasiri. Uwanja wetu ukishafagiliwa unabaki na mistari ya ufagio wa chelewa, hata kuku akipita unamjua aliingilia wapi. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake: mgeni anaisoma nyumba kwa uwanja kabla hajabisha hodi. Najma ana miaka miwili na miezi minane, na tangu Januari nimemkatia ufagio wake mdogo. Ananifuata nyuma akifagia nilipokwisha kufagia, vumbi linampanda hadi kwenye nyusi, anacheka.

Auleria kaja kuchota maji. Yeye ni Mhaya wa Muleba, mumewe ni mlinzi huko mjini, na binti yao Gladness amemzidi Najma wiki tatu tu. Uwanja wake ni aibu. Ametandaza nyasi na majani makavu ya migomba juu ya kifusi chote nilichompa, huoni udongo hata wa kuweka kidole. Nimemuuliza kama anasubiri nyoka waje kupanga chumba.

"Shikamoo Bi Tunu," akasema. "Kwetu ardhi ikikaa uchi ndiyo tunaona haya. Wewe fagia tu, ipo siku utatokea Uchina."

Nimecheka, lakini moyoni nimeona ni uvivu umepewa jina la mila.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa kwanza. Milimita 11.

Jumamosi, 16 Machi

Milimita 15. Najma hajapata choo siku ya nne. Analia akishikwa tumbo, na amekuwa mkali, amenitupia kikombe. Munira anarudi jioni kutoka dukani Kariakoo amechoka, anafuturu kwa haraka ili ambebe. Nimempa mtoto papai.

Jumatano, 20 Machi

Milimita 9. Zahanati wamesema ni minyoo. Dawa amepewa.

Nimemwambia nesi kwamba siku hizi anapenda kulamba udongo. Nesi mwenyewe akacheka, akasema watoto wote wamepita huko. Ni kweli. Mimi nililamba, Munira alilamba, na alipokuwa na mimba ya huyuhuyu Najma alikuwa anakula ule udongo wa sokoni, pemba, kila siku kama biskuti. Sikuliona kuwa neno.

Jumatatu, 25 Machi

Milimita 46. Mtaa wa bondeni wote wamehamishia vitu vyao juu ya vitanda. Kwetu hata tone. Nilisimama kibarazani nikaangalia maji yanavyoteleza juu ya uwanja na kutokomea mtaroni, nikajisikia fahari, halafu nikaona haya kwa sababu nimefunga na wenzangu wanalia.

Ijumaa, 29 Machi

Milimita 12. Mtoto amepauka. Viganja vyake vimekuwa vyeupe ndani. Wamempa dawa ya maji ya kuongeza damu. Ameitema.

Alhamisi, 4 Aprili

Milimita 20.

Januari, kwa kujifurahisha tu, nilihesabu maneno anayoyajua Najma na kuyaandika nyuma ya kalenda. Yalifika mia moja na kumi na manne. Leo nimekaa naye tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri na kalenda mkononi. Nimesikia kumi na tisa. "Kuku" hakuna. "Gladi" hakuna, na huyo ndiye rafiki yake. Nilimwonyesha kuku akamwangalia, akaniangalia mimi, kama mtu aliyeulizwa jambo la ofisi nyingine.

Munira nimemwambia mtoto ana usingizi tu. Sijui kwa nini nimemwambia hivyo.

Jumapili, 7 Aprili

Milimita 31.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Milimita 18. Munira alimshonea gauni la njano, hakutaka kulivaa. Wageni walipokuja walimkuta amechuchumaa kwenye pembe ya uwanja, mdomo mwekundu kwa udongo. Nilimpiga kofi mkononi mbele za watu. Hakulia. Alingoja nilipogeuka akachota tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, Jumanne mchana, lakini mambo ni ya jana, kwa hiyo tarehe inabaki hiyo. Kopo sikulipima.

Baada ya adhuhuri nilikuwa nafagia. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi, jua lilikuwa kali, na udongo ule ukikauka unatoa vumbi laini kama poda. Najma alikuwa nyuma yangu na ufagio wake. Nikasikia ufagio umeanguka. Nilipogeuka alikuwa chini, macho juu, mkono mmoja unapiga ardhi. Degedege. Nilishawahi kuandikisha mamia ya watoto wa degedege dirishani kwangu, najua la kufanya, na sikufanya hata moja. Nilisimama nimeshika ufagio.

Aliyeruka ni Auleria. Sikumwona akiingia. Alimlaza ubavu, akamfungua vifungo vya shingoni, akaniambia nilete khanga, na nilipoleta alikuwa amekwisha kumpakata. Njia ya bondeni ilikuwa bado imejaa maji, bajaji hazifiki. Akamweka Najma begani, akaingia majini hadi mapajani, na mimi nyuma yake nimeshika gauni lake kama kipofu. Njia nzima alikuwa anamsemesha mtoto kwa Kihaya. Gladness alikuwa amemwachia mke wa muuza mkaa, hakugeuka hata mara moja kumtazama.

Barabarani tulipata gari. Mtoto alishikwa tena mara mbili kabla hatujafika.

Nilikuwa nimemuita mvivu huyu mwanamke. Nimeliandika kwenye ukurasa wa tarehe 9, na sitaufuta.

Alhamisi, 18 Aprili

Amezinduka. Hasimami. Daktari ni mama mmoja mtaratibu, Daktari Anna. Alitukalisha mimi na Munira, akasema kipimo cha malaria ni safi, cha homa ya uti wa mgongo ni safi, lakini kuna kipimo kingine ameagiza kwa sababu hakupenda rangi ya mtoto. Ndani ya damu ya Najma mna madini ya risasi. Mtoto hatakiwi kuwa nayo kabisa. Yeye ana sitini na tatu. Kuanzia arobaini na tano lazima atibiwe wodini.

Akauliza kama kuna fundi betri nyumbani. Hakuna. Mvuvi anayeyeyusha vyuma vya kuzamishia nyavu? Hakuna. Mtoto anapakwa wanja wa dukani? Sijawahi. Akauliza udongo. Nikamjibu kwamba uwanja wetu ndio msafi kuliko wote mtaani, naufagia mara mbili kwa siku. Nilisema kwa kujivuna, hata pale.

Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza udongo wenyewe umetoka wapi.

Jumapili, 21 Aprili

Milimita 52. Nimerudi nyumbani kuoga na kubadili nguo. Nimejumlisha namba zote tangu Machi, hata zile za kila siku nilizoziandika nyuma ya daftari, na siku za hospitali Auleria alinipimia, kwa hiyo hakuna pengo. Milimita mia nne na kumi na sita. Maji mengi kiasi hicho yamepita juu ya uwanja huu na ndani yake. Chumvi ukiimwagia maji inaondoka, hata nguo ya damu ukiiloweka mara nyingi inatakata. Nimemwomba Mungu alete nyingine. Nimekuwa mtu wa kwanza Buza kuombea mvua mwezi huu.

Jumanne, 23 Aprili

Milimita 8.

Daktari Anna alitupa namba ya msichana wa chuo kikuu, Vaileth, anayepima udongo wa maeneo ya viwanda. Kaja leo na begi, buti za mvua, na kifaa kama kile cha kupimia joto mlangoni, ila kikubwa. Anakigusisha ardhini, anahesabu moyoni, kinaandika namba. Ameniamkia, akakataa chai mpaka amalize, nikajua anajua kazi.

Alianzia katikati ya uwanja. Elfu mbili na mia tatu. Nikamuuliza inatakiwa ngapi pale anapocheza mtoto, akasema wengine wanataka isizidi mia mbili. Nikamwambia kuhusu mvua, nikamwonyesha daftari hili. Alisoma kurasa zote za namba kwa heshima, halafu akaomba jembe.

Alichimba shimo hadi magotini. Ukutani mwa shimo kuna mstari: juu kifusi chekundu, chini mchanga wetu mweupe wa zamani, vimetengana wazi kabisa. Akapima juu: elfu mbili na mia tatu. Akapima kidole kimoja tu juu ya mstari: elfu mbili na mia nne. Akapima kidole kimoja chini ya mstari, kwenye mchanga: ishirini na sita.

"Mvua yako yote imepita hapa, Bibi," akasema. "Maji yamekwenda. Risasi haikushuka hata kidole."

Nikataka anieleze kama anavyomweleza mtu aliyesoma, maana mimi nilimaliza kidato cha nne na kemia niliipenda. Akaeleza. Wekundu wa udongo huu ni kutu ya chuma, ya miaka maelfu ya jua na mvua za nchi zetu. Chembe zake ni ndogo mno, na risasi ikizigusa inanata juu yake. Maji huondoa vile vinavyoyeyuka, na kadiri mvua inavyokwangua vingine ndivyo kutu hii inavyobaki na risasi yake. Na chembe zilizo laini zaidi ndizo zinazobeba nyingi zaidi. Nikamuuliza itakaa muda gani. Akasema kwa makadirio ya vitabu ni mamia ya miaka. Aliinamisha macho alipolisema, nikamhurumia, mtoto wa watu.

Halafu akapima vumbi la kwenye dirisha la chumba anacholala Najma. Elfu nne na mia moja. Nikadhani kifaa kimekosea. Akarudia. Ile ile.

Tulikwenda kwa Auleria. Akafunua nyasi na majani ya migomba, akapima kifusi chini yake: elfu mbili na mia tatu, udongo mmoja na wangu. Akapima kizingiti cha mlango wake na mkeka anaokalia Gladness: mia moja na tisini. Nikasimama nikatazama yale majani. Sikuhitaji kuelezwa tena, lakini Vaileth alieleza, kwa sauti ndogo, akiwa ananitazama miguu yangu. Udongo uliofunikwa hauruki. Udongo unaofagiliwa kila siku unachekechwa: chelewa inaamsha zile chembe laini, zinapanda hewani, zinatua kwenye mkeka, kwenye kikombe, kwenye mikono ya mtoto. Ningeuacha uchafuke, angepata kidogo.

Auleria alinishika kiwiko, akanirudisha nyumbani kana kwamba ni mbali.

Jumatano, 24 Aprili

Sikufagia.

Ijumaa, 26 Aprili

Milimita 14. Nimemweleza Munira kila kitu wodini, kwa mpangilio, namba zote. Gladness naye amepimwa, ana tisa. Si sifuri, lakini hajashikwa na kitu. Munira alisikiliza akiwa ameshika mguu wa mwanawe. Nilipofika kwenye vumbi la dirishani akasema, "Ulimkatia ufagio wewe mwenyewe, Mama."

Hakupandisha sauti. Nikamwambia ndiyo. Baadaye alinimegea mkate wake.

Jumamosi, 4 Mei

Milimita 97, upepo umeng'oa mabati ya jirani wa tatu. Uwanja wangu haukutuama maji.

Jabiri, mume wa Munira, amefika kutoka Mtwara anakofanya kazi. Dawa ya kuvuta risasi imepatikana baada ya kuagizwa, mtoto amemaliza duru ya kwanza. Daktari Anna amesema wazi: akirudi kwenye uwanja ule, dawa ni bure. Jabiri akawapeleka kwa mama yake Kigamboni, moja kwa moja kutoka hospitali. Aliniaga vizuri, akasema, "Mama, hatukukimbii." Nimewafungia nguo zao, Munira akasema ziache, tutanunua nyingine. Nilikuwa nimeshazikunja zote.

Jumamosi, 11 Mei

Milimita 22. Leonardi kaja, amesikia. Ni mtu mnene wa utani, leo hakutania. Aliapa kwamba hakujua. Aliambiwa kilikuwa kiwanda, hakuambiwa kwamba walikuwa wakiyeyusha betri kuukuu. Namwamini. Aliingia mwenyewe kwenye lile shimo la Vaileth, akakaa ukingoni na kofia mkononi.

Halafu akaniambia: atauondoa wote, bure, Jumatatu, na vijana watano. Atanimwagia mchanga safi. Baada ya wiki moja Najma anaweza kurudi. Nikamwambia Mungu amlipe. Nikampikia chai. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria wapi nitaweka kitanda cha mtoto. Wakati anaondoka nikamuuliza, kama mtu anavyouliza tu, udongo utapelekwa wapi.

Akasema kuna bwana Chamazi anajenga, kiwanja chake kiko bondeni, anatafuta kifusi kwa udi na uvumba.

Nikauliza kama ana watoto. Leonardi akavaa kofia. "Sasa Bi Tunu, mie nitajuaje?"

Sikumkataza. Amekwenda akijua kwamba nimekubali, na mimi nimemwacha ajue hivyo.

Jumapili, 12 Mei

Nimempigia simu Leonardi saa mbili asubuhi. Nimemwambia asije. Akaniuliza kama nimepata mtu mwingine. Nikamwambia udongo unabaki hapa.

Akasema, kwa upole, kwamba nikikataa mjukuu wangu hatarudi. Nikamwambia najua. Vaileth nimemuuliza kama kuna mahali serikali inapokea udongo wa namna hii. Amesema anafuatilia, barua zimeandikwa, nisitegemee mwaka huu. Ninazijua barua. Nimezipokea na kuzipanga kwenye majalada miaka ishirini na sita.

Basi mtu wa Chamazi hatanijua, na wala hana cha kunishukuru. Nimelia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, si kwa ajili yake.

Jumapili, 19 Mei

Milimita 3. Mvua zinaisha. Auleria kaja na mumewe na mikokoteni miwili ya nyasi. Nimewasaidia kutandaza. Kwanza tunalowesha udongo ili usiruke, ndivyo alivyoelekeza Vaileth, halafu nyasi nene, halafu tunapandikiza ukoka. Kwa mtoto anayeuchota auile haitoshi, lakini jirani hatapata vumbi. Nyumba nimeideki kwa kitambaa cha maji kila chumba, kuta hadi juu. Mikono yangu bado inatafuta ufagio ikifika alasiri, nakaa nayo mapajani. Auleria akaniuliza kama naogopa nyoka.

Dalali naye kapita, amesikia nyumba inabaki tupu. Ana familia ya watu sita. Nimemwambia siuzi, sipangishi.

Jumapili, 2 Juni

Hakuna mvua.

Nimekwenda Kigamboni kwa mara ya kwanza. Nilioga, nikavaa nguo nilizofua mara mbili na kuzianika kwa Auleria, juu ya nyasi zake. Njiani nilishika mkoba magotini usiguse chini.

Mama yake Jabiri, Bi Mwajabu, anakaa nyumba ya sakafu ya saruji hadi getini. Alinipokea vizuri, tukaulizana hali. Munira akanieleza: kipimo kipya ni thelathini na nne. Kimeshuka, lakini Daktari Anna ameonya kwamba kiasi kingine kimejificha mifupani, kitatoka kidogokidogo kwa miaka, na akikua ndiyo watajua ni nini kilichoharibika kichwani. Anatembea kwa kushika ukuta. Maneno ana thelathini. Munira ndiye anayehesabu sasa.

Najma alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani. Aliponiona alinyoosha mikono. Mimi nilikuwa bado mlangoni, nikaangalia viatu vyangu. Nikavivua nikaviacha nje ya geti. Halafu nikamwomba Bi Mwajabu ndoo ya maji na sabuni, nikaosha miguu, nikaosha mikono hadi kwenye viwiko, nikasugua kucha. Nikaona haitoshi. Bi Mwajabu, bila kuniuliza, akaniletea khanga zake mbili, akashika pazia nikabadilisha pale pale barazani, mimi mtu mzima. Nguo zangu akazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nikanawa uso. Nikanawa nywele.

Mtoto alikuwa bado amenyoosha mikono, imeanza kuchoka, inatetemeka.

"Mchukue basi, Bibi yake," akasema Bi Mwajabu. "Umeshatakata."

Nikamwambia anisamehe, aniongezee maji kidogo.